Nimeshindwa kumaliza ahadi yangu: je, nimekuwa wakili mbaya?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Mimi ni msharika wa Kilutheri na mkulima wa kahawa. Mwanzoni mwa mwaka niliandika ahadi ya kulitolea kanisa shilingi 240,000, lakini mume wangu aliugua na fedha za mavuno zikaishia hospitali, hivyo nimetoa 60,000 tu. Mzee wa kanisa wa mtaa wetu ananiambia kwamba nadhiri ni nadhiri, kwamba majina ya wanaodaiwa yatasomwa ibadani, na kwamba mwanangu huenda asibarikiwe kipaimara, yaani asithibitishwe katika imani aliyobatiziwa. Kila Jumamosi ninasafisha kanisa, na ninaimba kwaya. Je, kazi hiyo haihesabiwi kuwa uwakili, yaani kutumia vema vile Mungu alivyotukabidhi?

JIBU: Amina, dada mpendwa katika Kristo. Pole kwa kuuguza.

Nianze na lile linalokutia hofu zaidi. Kipaimara hakina bei. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo sisi Walutheri tunalikiri, linalitambua kanisa katika ibara yake ya 7 kwa mambo mawili: Injili ifundishwe kwa usafi na sakramenti zitolewe ipasavyo. Stakabadhi haimo. Mwanao anaandaliwa kwa Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya imani, anaulizwa habari za imani yake na kuwekewa mikono. Akicheleweshwa, basi iwe ni kwa mafundisho aliyoyakosa yeye mwenyewe, wala si kwa bahasha za ahadi ambazo mama yake hakuzirudisha. Tena tunapaswa kuwa waangalifu kuliko wengine, kwa kuwa hoja 95 za Martin Luther za mwaka 1517 zilitokana na uuzaji wa vyeti vya msamaha, ambavyo watu walivinunua kwa fedha ili waondolewe adhabu za dhambi, na hoja ya 46 inafundisha kwamba Mkristo asiye na ziada aweke kwanza kinachotosha mahitaji ya nyumba yake, asikitapanye kwa vyeti hivyo. Sisemi kwamba ahadi ya usharika ni kitu kimoja na vyeti vile. Nasema kwamba huduma ya kiroho ikishafungwa kwa deni, tumeshika njia ya kurudi kulekule.

Sasa kuhusu nadhiri. Mzee wako hakubuni neno. Mhubiri 5:5 linasema wazi kwamba ni afadhali kutoweka nadhiri kuliko kuiweka na kutoiondoa. Lakini Torati hiyohiyo inayomfunga mweka nadhiri imemwekea maskini mlango, na mlango huo husomwa mara chache mno siku za kukusanya ahadi. Mambo ya Walawi 27:8 inaagiza kwamba aliye maskini, asiyeweza kulipa kima kilichowekwa, asimamishwe mbele ya kuhani, na kuhani amhesabie upya kwa kadiri ya uwezo wake. Angalia ni nani anayetakiwa kupiga hesabu tena: ni kuhani, baada ya kumsikiliza mtu mwenyewe. Paulo naye, alipokuwa akiwahimiza Wakorintho wakamilishe mchango waliouanza kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, aliandika kwamba nia ikiwapo, mtu hukubaliwa “kwa kadiri ya alivyo navyo”, si kwa kadiri ya asivyo navyo (2 Wakorintho 8:12). Ahadi yako uliipanga kwa mavuno uliyoyatarajia, na fedha za mavuno hayo zimekwenda kumtibu mumeo. Aliyeuza kahawa akaficha fedha yuko katika habari nyingine kabisa, na haifai muwekwe katika orodha moja.

Ama kazi ya mikono, ndiyo, ni uwakili. Mtume Petro anawaita mawakili wa neema ya Mungu wale wanaohudumiana kwa karama waliyopokea (1 Petro 4:10). Katika Kutoka 35, hema ya kukutania inapojengwa, wanawake waliosokota kwa mikono yao wametajwa katika sura ileile moja na waliotoa dhahabu. Anayechota maji Jumamosi, akasogeza mabenchi na kupiga deki mpaka chini ya madhabahu, ametoa kitu halisi ambacho usharika ungelazimika kukilipia. Hata hivyo sikushauri umwendee mtunza hazina umwombe akukate kiasi fulani kwa kila Jumamosi, kwa sababu huduma ikigeuzwa kuwa kibarua inapoteza uzuri wake. Na wapo wenye mishahara mizuri wanaopenda kusema, “Mimi natoa muda wangu.” Hao nawajibu kinyume na ninavyokujibu wewe: umeme wa kanisa na posho ya mwinjilisti havilipwi kwa muda.

Ukitaka kuona ushiriki wa kweli, tazama mnada baada ya ibada. Bibi analeta yai moja, mtu analinunua kwa bei ya mayai kumi, analirudisha linadiwe tena, na mwisho anapewa mjane aondoke nalo. Hapo kila mmoja ametoa alichonacho na hakuna aliyeaibishwa.

Kusoma majina kunanisumbua pia kwa sababu nyingine. Wazee wa kanisa nao ni mawakili, na kinachohitajiwa katika mawakili ni uaminifu (1 Wakorintho 4:2). Paulo hakuubeba mchango wa Yerusalemu peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, makusudi asilaumiwe na mtu (2 Wakorintho 8:18–21). Usharika unaosoma madeni ya washarika pasipo kusoma matumizi yake umeshika upande mmoja tu wa uwakili, tena ule mwepesi.

Kwa hiyo nenda kwa mchungaji wako kabla majina hayajasomwa, ikiwezekana pamoja na mumeo au kiongozi wa jumuiya anayejua yaliyowapata. Mweleze kwa adabu, bila kumshitaki mzee, na omba ahadi yako ipunguzwe na kuandikwa upya kwenye kadi. Suala la kipaimara liulize waziwazi, uombe jibu la baraza la wazee. Ukiambiwa bado limefungwa kwa fedha, una haki ya kulifikisha kwa mkuu wa jimbo. Mwakani andika ahadi ndogo ya kila mwezi, unayoweza kuitoa hata kabla kahawa haijaiva.