Paa Limeondoka, Vumbi Je?

Kiangazi kikianza hapa Mwanza, mapaa ya zamani huanza kushuka, hasa yale ya asbesto: bati nene za kijivu zisizojua kutu. Wiki hii naweka kando maswali ya mifereji na fensi. Nachukua ya hewa, maana yamekuwa mengi.

*Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Ilemela. Wametuondolea paa la asbesto madarasa manne, wamefagia, na fundi anasema tufunge milango siku moja vumbi litulie, kesho yake watoto waingie. Ni kweli?*

Marahaba, mwalimu. Vumbi likitulia halijaondoka, limekaa tu. Nyuzi za asbesto, ambazo ukizivuta zinaweza kuleta kansa, ni nyembamba kuliko unywele mara nyingi sana, na zikishatua juu ya lenta au kwenye ukingo wa dirisha zinamsubiri wa kuziamsha. Watoto hamsini wakikimbilia madawati ya mbele wanaziamsha zote. Na huyo aliyepita na fagio kavu ndiye aliyezirusha kwanza. Darasa hudekiwa kwa maji, au hufyonzwa kwa mashine yenye chujio maalumu la vumbi jembamba. Mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi la zulia inazitema nyuzi kwa nyuma.

Uingereza wana utaratibu wa hatua nne ambao mimi huufuata hata pale ambapo hakuna anayenilazimisha. Kwanza, unalinganisha mkataba na eneo: kilichotakiwa kuondolewa kimeondoka chote? Mifuko ya taka imetoka? Pili, unakagua kwa macho. Tatu, unapima hewa. Nne, nailoni zilizozungushiwa eneo zikishateremshwa, unaangalia tena, kwa sababu vipande hupenda kujificha kwenye mikunjo yake.

Watu wengi huirukia hatua ya tatu kwa kuwa ina mashine. Kazi yenyewe iko kwenye ya pili. Usimulike tochi moja kwa moja ukutani. Ilaze, mwanga upite sambamba na ukuta au sakafu, hapo punje ndogo hutoa kivuli na unaiona. Panda ngazi. Angalia juu ya lenta pale papi zilipokaa, kwenye matundu ya misumari, nyuma ya mabomba ya nyaya, katikati ya vioo vya luva. Tena chumba kiwe kikavu. Sakafu yenye maji huzishika nyuzi, ukipima hewa saa hiyo utapata namba nzuri ya uongo.

Haya nimeyajua kwa aibu. Niliwahi kukagua stoo moja jioni, nimechoka, nikasimama mlangoni nikaona sakafu inang'aa, nikasaini. Kijana niliyekuwa naye akapanda ngazi kufungua taa tuliyoitundika kwenye kenchi. Akashuka na mkono wa ovaroli umekuwa wa kijivu mpaka kwenye kiwiko. Nikaichana ile karatasi mbele ya mwenye stoo, na siku mbili zaidi za usafi zikafuata.

Kwa hiyo, mwalimu, watoto wasiingie kesho. Mwambie mwenyekiti wa kamati ya shule aombe ukaguzi kwanza.

*Nimeona ripoti imeandikwa "chini ya 0.01". Ndiyo nini? (Nyegezi)*

Ni nyuzi 0.01 kwa kila mililita ya hewa; chumba kikiwa chini ya hapo kimefaulu. Pampu ndogo hufyonza hewa kupitia chujio la duara lenye kipenyo cha milimita 25. Ikivuta lita 8 kwa dakika, kwa saa moja inapitisha lita 480, na hicho ndicho kiasi cha kawaida cha kipimo cha namna hii. Chujio likifika maabara hulainishwa kwa mvuke wa asetoni mpaka likawa kama kioo, halafu mtu anakaa kwenye hadubini anahesabu, uwanja mmoja (duara dogo analoliona kwa mara moja) baada ya mwingine, mpaka nyanja 200. Hahesabu kila kitu. Anahesabu uzi ulio mrefu zaidi ya mikromita 5 (mikromita elfu moja ni milimita moja), mwembamba chini ya mikromita 3, na urefu wake uwe zaidi ya mara tatu ya upana.

Sasa fanya hesabu. Darasa la mita 8 kwa 6, kimo mita 3, lina mita za ujazo 144. Kwa 0.01, hewa ya darasa hilo inaweza kuwa na nyuzi 1,440,000 na bado likafaulu. Usishtuke, lakini pia usiite hicho cheti cha afya. Namba hiyo inakwambia kwamba usafi umefanyika vizuri kadiri kipimo kinavyoweza kuona, basi.

Kuna jambo ambalo ripoti nyingi hazilisemi: je, wakati pampu inavuta, kuna mtu alikuwa anasugua sakafu kwa brashi ili vumbi lipande? Lazima awepo. Marekani hupuliza kuta na kona kwa mashine ya kupulizia majani makavu, kisha wanaacha feni zikizunguka muda wote wa kupima. Kupima chumba kilicholala ni kama kumtafuta mwizi kwa kuuliza nani mwizi.

Tena hadubini ya kawaida haijui uzi wa asbesto na uzi wa pamba. Ukipata namba kubwa kwenye chumba chenye mapazia na magodoro, omba hadubini ya elektroni kabla hujagombana na mkandarasi. Marekani sheria yao ya mwaka 1986 kuhusu asbesto mashuleni inaitegemea hiyo hiyo.

*Kuna kifaa cha kupima hewa kinauzwa mtandaoni, kina skrini na namba za rangi. Kinatosha?*

Hapana. Hicho kinaona vumbi kwa ujumla. Weka karibu na jiko la mkaa au barabara ya vumbi ya Buswelu kitapiga kelele, na asbesto haipo. Weka kwenye chumba chenye nyuzi chache za hatari kitakuonyesha kijani.

*Nyumba yangu iko Kirumba, upepo wa ziwa unapiga mchana kutwa. Paa limetolewa, sijajenga jipya bado. Si hewa imeshajisafisha?*

Ya ndani, kwa kiasi kikubwa, ndiyo, kwa sababu hakuna ndani. Shida yako ipo chini. Bati la asbesto-saruji kwa kawaida lina asbesto kama asilimia 10 hadi 15, iliyobaki ni saruji, na likivunjika vipande vyake vinabaki kwenye mchanga na kwenye majani ya mwembe. Hapo pampu haina kazi. Lowesha ardhi, okota kwa mkono wenye glovu, weka kwenye mifuko miwili ya nailoni nzito, moja ndani ya nyingine, funga kwa utepe wa gundi. Barakoa ya kitambaa haikusaidii, wala ile ya bluu ya hospitali. Na mabati mazima usimpe jirani ajengee banda la kuku. Atayakata kwa msumeno. Hiyo ni taka hatarishi: uliza ofisi ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, iliyopo hapa hapa jijini, kabla hujaita Fuso.

*Mkandarasi amekuja na mpimaji wake, karatasi imetoka safi siku hiyo hiyo. Nilipe? (mwenye godauni, Igoma)*

Usilipe bado. Mpimaji awe mtu wako, umlipe wewe. Halafu isome karatasi: ina saa ya kuanza na kumaliza? Ina lita ngapi? Nyanja ngapi zilihesabiwa, nyuzi ngapi zilionekana? Nani alikagua kwa macho, na aliona nini? Pampu iliyovuta lita 50 haiwezi kukuthibitishia 0.01 hata ikitaka. Kwa kuwa godauni ni mahali pa kazi, OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wanakuhusu pia.

*Nililala siku mbili kwenye chumba kilichotolewa paa la asbesto, kabla ya kuambiwa. Nikapige X-ray?*

Pole sana. X-ray ya leo haitaonyesha kitu. Magonjwa ya asbesto, kansa ya utando wa mapafu ikiwamo, kwa kawaida huchukua miaka 20 hadi 40 kujitokeza, na huwapata zaidi waliovuta vumbi hilo kazini miaka na miaka. Siku mbili ni hatari ndogo. Andika tarehe, mweleze daktari wako ili ibaki kwenye faili. Kama unavuta sigara, acha: sigara na asbesto zikikutana, hatari ya kansa ya mapafu inazidi hata ukizijumlisha hizo mbili. Nguo ulizolalia zifue peke yake, usizikung'ute.

*Tulikuwa tunakinga maji ya mvua kwenye paa la asbesto. Tumeshakunywa!*

Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha asbesto kwenye maji ya kunywa, kwa kuwa hakuna ushahidi wa kuridhisha kwamba ukiimeza inadhuru. Inayoua ni ya kuvuta. Ila tope lililo chini ya tenki litoeni likiwa bichi, msiliache likauke ndipo mfagie. Maji yenyewe endeleeni kuyachemsha, kwa sababu ya kipindupindu.