Maswali ya Wasomaji: Kwa nini sauti inajirudia uwanjani?

SWALI: Ndugu Mhariri, mikutano ya hadhara ya mtaa wetu hufanyika katika uwanja wa shule, na waliokaa nyuma walikuwa wakilalamika kwamba hawasikii. Tulinunua spika mbili zaidi tukazifunga mita 80 kutoka jukwaani. Sasa sauti ni kubwa, lakini maneno yanajirudia hata hayaeleweki, na mitambo inapiga mluzi. Je, tutafute amplifaya yenye nguvu zaidi? (Katibu wa mtaa, Morogoro)

JIBU: Ndugu Katibu, tafadhali msinunue amplifaya. Nguvu mnayo, kinachowasumbua ni wakati. Umeme hupita katika waya kufumba na kufumbua, ilhali sauti husafiri hewani kwa takriban mita 350 kwa sekunde katika joto la nyuzi 30, kwa hiyo aliyeketi karibu na spika za nyuma hulisikia neno kutoka kwazo kwanza, kisha neno lile lile humfikia kutoka jukwaani baada ya karibu robo ya sekunde, wakati msemaji ameshaingia katika silabi nyingine. Sauti zinazopishana kidogo sana sikio huziunganisha. Zikipishana kwa zaidi ya milisekunde (sehemu za elfu za sekunde) 50 hivi, matamshi huanza kugongana.

Dawa ni kuzichelewesha spika za nyuma. Miksa nyingi za kidijitali, yaani mitambo ya kuchanganya na kurekebisha sauti, zina uwezo huo: fundi mitambo aweke karibu milisekunde 3 kwa kila mita, yaani 230 hivi kwa mita 80, kisha aongeze 10 au 15 ili msikilizaji ahisi kwamba sauti inatoka kwa msemaji anayemwona. Kama miksa yenu haina uwezo huo, ziondoeni spika za nyuma, mzipandishe zote penye jukwaa, juu ya vichwa vya watu, zikielekea safu za mwisho. Spika iliyowekwa chini huwaumiza masikio walio mbele, na miili yao huizuia sauti isifike nyuma; nimeliona kosa hili misibani mara nyingi, na wazee ndio huondoka bila kusikia lolote.

Mluzi hutokea pale maikrofoni inapoinasa sauti ya spika na kuirudisha katika mitambo, ikakuzwa tena na tena. Spika zikae mbele ya msemaji, zikiwa zimempa mgongo, naye aisogeze maikrofoni mdomoni: umbali ukipungua kwa nusu, sauti yake hupanda kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 6 hivi, na fundi ataweza kupunguza kiasi hicho hicho kwenye miksa.