Kocha binafsi ni nani, na nilivyompata wangu hapa Tanga

Mleta mada, umeuliza mambo mawili: huyu anayeitwa kocha binafsi anafanya nini hasa, na je, umlipe laki nne na nusu huyo aliyekupigia simu? Mimi nimeshawalipa wawili, kwa hiyo nakujibu kwa yaliyonikuta.

Nina banda la kushona Ngamiani, cherehani tano, mafundi wanne na mimi. Mwaka juzi, kuelekea Idi, nilikuwa na madera sitini ya kukabidhi. Simu ikiita moyo unanidunda. Wateja wanalalamika, mafundi wamenuna, hela siioni. Nikakutana na tangazo la kocha, nikalipa laki tatu za mwezi mmoja.

Yule kaka ana maneno mazuri, simnyimi haki yake. Kila alfajiri ananitumia sauti WhatsApp: amka, jiamini, wewe ni simba. Tulipokutana aliongea yeye saa nzima, mwisho akaniambia nikakope niongeze cherehani nne. Hakuuliza hata mara moja hizo tano zinashona nini. Huyo ni mhamasishaji, na wapo watu anaowafaa, ila nilichokuwa nakihitaji hakuwa nacho.

Wa pili nilielekezwa na jirani, mama mmoja mwalimu mstaafu aliyekwenda kuisomea kazi hii. Kabla sijatoa hata shilingi, alinipa nusu saa barazani kwake Raskazone. Nikamweleza yote. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mwanangu, hayo madera sitini yalikuja yenyewe au uliyapokea?"

Kisha akanyamaza. Nilidhani ataendelea, hakuendelea. Baiskeli zikapita, chai ya tangawizi ikapoa mkononi, naye ananitazama tu, hana haraka. Nikajikuta natamka jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu: naogopa nikimkataa mteja watu watasema nimeota mapembe, maana marehemu mama yangu hakuwahi kumrudisha mtu na kitambaa chake. Akaniuliza, "Na mama alikuwa akishona nguo ngapi kwa wiki?" Sita, saba zikizidi. Nilitokwa na machozi pale pale.

Sisi watu wa Pwani tumelelewa na makungwi. Kungwi anajua, wewe hujui, anakufunda. Fundi mkuu naye anakuonyesha namna ya kukata mkono wa gauni. Kocha hakufundi. Kazi yake ni kukuuliza mpaka ulione jambo lako kwa macho yako, kisha akushike na ahadi uliyoitoa mwenyewe. Sehemu kubwa ya mtindo huu ilianzia michezoni. Miaka ya 1970 mwalimu wa tenisi wa Marekani, Timothy Gallwey, aliona wanafunzi wake wanacheza vizuri zaidi akipunguza maelekezo na kuwaacha wautazame mpira wenyewe. Mwingereza John Whitmore, aliyewahi kuwa dereva wa mashindano ya magari, akausambaza mtindo huo kwenye makampuni. Hadi leo makocha wengi wanapita njia ile ile: unataka nini, hali ikoje sasa, njia zipi zipo, utafanya lipi na lini.

Kwangu hilo "lipi na lini" lilikuwa daftari la oda lenye tarehe, na kumkatalia mteja mmoja ndani ya wiki. Wa kwanza kumwambia "labda baada ya Idi" alikuwa wifi yangu. Alininunia siku mbili, mwezi uliofuata akaleta kitambaa. Tulikutana mara sita kwa miezi mitatu, elfu arobaini kila kikao, na mwisho yeye mwenyewe ndiye aliyesema sasa inatosha.

Kuhusu kuchagua. Katika nchi nyingi kazi hii haidhibitiwi na sheria, yeyote anaweza kuamka kesho akajiita kocha. Kwa hiyo muulize amesomea wapi na ameshakaa na watu kwa saa ngapi. Kuna shirikisho la kimataifa la makocha, ICF, lililoanzishwa Marekani mwaka 1995. Ngazi yake ya kwanza, ACC, inadai angalau saa 60 za mafunzo na saa 100 za kufanya kazi yenyewe. Inayofuata, PCC, saa 125 na 500. Ya juu, MCC, saa 200 na 2,500. Akikutajia ngazi yake, jina lake unaweza kulitafuta kwenye orodha yao mtandaoni. Cheti peke yake hakitoshi, lakini aliyenacho anajua kwamba siri zako hazitoki, na kwamba bei, idadi ya vikao na namna ya kuacha mnakubaliana mapema, kwa maandishi.

Kubwa zaidi kwangu ni hili: muulize ni mtu wa aina gani asingempokea. Mama yule alinijibu bila kusita kwamba mtu mwenye msiba mzito, asiyelala, au anayefikiria kujidhuru, yeye hamchukui, anamwambia aende hospitali akaonane na daktari au mshauri nasaha. Ndugu yangu, kama hali yako ndiyo hiyo, achana na makocha kwa sasa, nenda hospitali, kwa hapa Tanga ni Bombo. Anayesema anatibu kila kitu, biashara, ndoa na sonona kwa pamoja, mkimbie.

Huyo wako anayesema zimebaki nafasi mbili na ulipe leo kabla ya saa kumi na mbili jioni, mwombe nusu saa ya mazungumzo kwanza. Weka saa mezani uone anaongea yeye dakika ngapi na wewe ngapi. Akikataa hilo, usimtumie kitu. Na kama upo Tanga na unataka nikupeleke kwa yule mama, niandikie pembeni, nimuulize kwanza kama ana nafasi.