Ukitaka kuwaenzi marubani wa vita, mtafute na aliyekunja parachuti

Juma lililopita mwalimu mmoja wa sekondari huko Tabora alinitumia ujumbe mrefu. Alikuwa amesikia habari za kumbukumbu tuliyoifanya hapa Kigoma mwezi Julai, ya marubani wa vita na wenzao waliofanya nao kazi, naye anatamani kufanya kama hiyo shuleni kwake. Anauliza aanzie wapi. Najua wako wengi wenye hamu hiyohiyo, hivyo namjibu hadharani.

Mwalimu, anzia hapo ulipo. Sisi tulianzia ziwani.

Tarehe 10 Juni 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ndege ya Wabelgiji ilitokea upande wa Kongo, ikavuka Ziwa Tanganyika na kudondosha mabomu bandarini Kigoma. Ilikuwa ndege ya kutua majini, ya mbao na kitambaa, aina ya Short iliyotengenezwa Uingereza. Ndani walikuwa watu wawili: rubani Aimé Behaeghe na mwangalizi wake, Collignon. Walikuja kuipiga Graf von Götzen, meli ya Wajerumani iliyokuwa imefungwa mzinga uliotolewa kwenye Königsberg, ile manowari iliyofia delta ya Rufiji. Tarehe 26 Julai Wajerumani wakaizamisha wenyewe wasije wakanyang'anywa, na siku mbili baadaye Kigoma ikawa mikononi mwa Wabelgiji. Waingereza ndio waliokuja kuiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Ndiyo, Liemba hii hii yetu. Mwambie kijana wa Kibirizi kwamba meli aliyopanda bibi yake kwenda Kasanga iliwahi kuwindwa na ndege za vita, uone kama hatakaa chini akusikilize. Na kwa kuwa 25 Julai ni Siku ya Mashujaa, nasi siku ya pili yake ndiyo ilipozama meli yetu, tarehe ilijichagua yenyewe.

Behaeghe hakurudi kwao. Alifia Niemba, Kongo, tarehe 3 Desemba 1916, bado kijana. Nilitaka jina lake lisomwe kwa sauti, mbele ya watu, katika mji ule ule alioupiga mabomu, kwa sababu mtu aliyekuwa adui wa bandari yako bado ni mtoto wa mtu.

Hapo ndipo tulipokwama. Nilipeleka barua ya kuomba ukumbi katika ofisi moja, na afisa aliyeipokea aliisoma akiwa amesimama. Akanirudishia. "Wazungu walipigana na Wazungu wenzao, sisi inatuhusu nini?" Alilisema mbele ya wanafunzi niliokuwa nimeongozana nao, na wawili kati yao hawakuja tena. Miezi imepita na neno hilo bado linanichoma.

Linatuhusu kwa sababu ndege ile haikufika ziwani kwa kuruka. Ilishushwa Matadi ikiwa vipande, ndani ya masanduku, ikasafirishwa kwa reli na kwa mto, reli tena na mto tena, mpaka Tanganyika. Kila ilipotolewa kwenye behewa kuingizwa melini kulikuwa na watu waliotia bega. Hao nao ni watu wa ndege ile. Ukimsifu rubani ukawaacha hao, umesimulia nusu ya habari, na nusu uliyoiacha ndiyo yenye babu zetu.

Ukumbi tulikuja kupewa na shule moja. Basi nikamwomba baba yangu mdogo aje azungumze. Yeye alikuwa fundi wa ndege jeshini, Mwanza, wakati wa vita vya Kagera. Wengi wanajua Nyerere alivyosema mwaka 1978, uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Wachache wanajua kwamba Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuwa ikimsaidia Idi Amin wa Uganda, aina ya Tupolev Tu-22 ilikuja kuipiga Mwanza, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua wanyama wa hifadhi, na ndege zetu zikajibu kwa kwenda kupiga Kampala, Jinja na Tororo.

Baba mdogo hakuhutubia. Wanafunzi walikuwa wakinong'onezana mpaka alipoomba mama mmoja amwazime kitenge. Akakitandaza mezani, akakikunja kwa mapana, akakipitishia viganja kutoka katikati kwenda pembeni ili kutoa hewa, akakikunja tena, akakibana kwa goti. Akasema ndege ya vita ya MiG-21 ikishagusa ardhi rubani anafungua parachuti inayokaa mkiani, ili mwendo upungue. "Sisi tunaikimbilia kule uwanjani, tunakagua kamba moja moja, tunakunja upya. Ukikunja vibaya haifunguki, na uwanja una mwisho." Kisha akaeleza habari za rubani mmoja aliyekuwa haweki mguu kwenye ngazi kabla hajampa mkono kila fundi aliyekuwepo. Alipolitaja jina lake alivua kofia, na ukumbi mzima ukasimama bila kuambiwa. Tangu nianze kuandaa shughuli, hiyo ndiyo saa ninayojivunia kuliko zote.

Kwa hiyo mwalimu, mtafute aliyekuwepo. Fundi, dereva wa lori la mafuta, mpishi wa kambi, mtu wa rada. Mpe nafasi ya kwanza kabisa kwenye ratiba. Nimechoka na shughuli ambazo mgeni rasmi anachelewa, anahutubu, anapiga picha na shada la maua, halafu mzee anaitwa wakati sahani zinagongana na watu wanaangalia saa. Huko si kuenzi! Tunawafundisha watoto kwamba suti ina uzito kuliko jasho, kisha tunalalamika kwamba hawana uzalendo. Uzalendo watautoa wapi, kwenye fulana zilizochapishwa maneno?

Majina yasomwe pamoja na kazi ya kila mmoja: huyu rubani, huyu mwangalizi, huyu fundi. Ukiweza kuwapeleka wanafunzi makaburi ya mashujaa wa vita vya Kagera, Kaboya kule Muleba, wapeleke.

Usiseme Tabora haina ziwa. Reli ya kati inapita kwenu, na jeshi la Wabelgiji la Jenerali Tombeur liliingia mjini tarehe 19 Septemba 1916 baada ya mapigano makali. Isitoshe mna Kambi ya Milambo, na pale palipo na kambi ya zamani, mitaani hamkosi wastaafu. Ila kijana aliyekuwa na miaka 22 mwaka 1979 sasa anakaribia 70, na wakubwa wake tunawazika kila mwaka. Usingoje barua ijibiwe. Pensheni zikiingia, nenda benki asubuhi mapema na daftari, wasalimie wazee walio kwenye foleni, uliza nani kati yao aliwahi kufanya kazi Jeshi la Anga. Kama hayupo, uliza nani anamjua aliyewahi.