Kwani wewe ni bingwa wa nini?

Swali hilo utaulizwa wiki ya kwanza, na huenda muulizaji akawa msimamizi wa hospitali mwenyewe. Daktari wa upasuaji ana thieta, wa watoto ana wodi yake. Wewe, daktari wa familia, umekuja na shahada ya uzamili na huna hata mlango. Hapa Kenya, Chuo Kikuu cha Moi kilianza kutufunza mwaka 2005, lakini bado kuna mahali tunapangiwa zamu za kuziba mapengo tu.

Usijibu kwa hotuba. Nenda kliniki ya presha na sukari, uketi. Mimi jibu nililipata kwa mama mmoja aliyefungua fundo la leso akamwaga mezani vidonge vya vituo vitatu. Amlodipini, dawa ya kushusha presha, ilikuwemo mara mbili, kwa majina mawili ya kibiashara. Dawa hiyo huvimbisha miguu, hasa dozi ikipanda, na yake ilikuwa imevimba kweli. Kituo cha tatu kiliona uvimbe, kikampa dawa ya kukojoza. Sasa anaamka usiku mara nne kwenda choo cha nje, na siku ya safari hamezi chochote asije akaaibika ndani ya matatu. Ndiyo maana presha ya kliniki ilikuwa juu kila mara, na kila mara akaongezewa dawa. Kila aliyemtibu alikuwa na sababu yake. Hakuna aliyeiona leso nzima.

Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi ya 2023 imetupa pa kusimama: hospitali ya ngazi ya 4 iwe kitovu cha mtandao, vituo vya afya na zahanati viizunguke, hadi kwa wahamasishaji wa afya ya jamii wanaobisha hodi majumbani. Mchoro mzuri. Utakachokuta ni gari lisilo na mafuta. Dandia gari la chanjo. Mimi nimewahi kupanda bodaboda na kasha la chanjo mapajani.

Ukifika zahanati, usikague. Hapo niliharibu. Nilimkosoa muuguzi mbele ya mgonjwa, tena kwa jambo dogo la dozi, na kwa miezi miwili hakunipigia simu hata mara moja. Wagonjwa wake niliwapata wodini, wamechelewa. Siku hizi naketi upande wa benchi lake, tunasoma rejista pamoja, na kila aliyemleta kwa rufaa namwandikia majibu: tulichokuta, dawa tulizobadilisha, arudi lini. Nusu ukurasa. Aliniambia katika miaka yote ya kutuma wagonjwa, hakuwahi kurudishiwa barua.

Halafu beba betri za mashine ya presha. Zahanati tatu za kwanza nilizotembelea, mashine ilikuwepo kabatini, safi kabisa, na haiwaki.