Fundi Tuambie: Kranki gani niweke injini izunguke 9000?

SWALI: Shikamoo fundi. Mi niko Tabata, nina Evo ya mbio (Mitsubishi Lancer Evolution), injini 4G63, sasa hivi imefumuliwa yote iko mezani. Rafiki yangu ana kranki (shafti inayozungushwa na pistoni) ya 4G64, injini nyingine ya Mitsubishi, ile ya stroku, yaani safari ya pistoni toka juu mpaka chini, ya milimita 100, anasema nikiifunga na pistoni zake nakuwa na lita 2.3 na nikiweka springi kali za valvu nazungusha mpaka mizunguko 9000 kwa dakika. Mwingine ananiambia niachane nayo niagize kranki mpya nyepesi. Hela yangu inatosha kitu kimoja tu. Nifanye lipi? – Msomaji, Tabata

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kabla hujatoa hata shilingi naomba utenganishe vitu viwili ambavyo rafiki yako kavifunga kamba moja, stroku ndefu na mizunguko mingi, maana hivyo havikai nyumba moja. Chukua kalamu. Stroku kwa mita zidisha mara 2, zidisha mizunguko kwa dakika, gawa kwa 60, unapata wastani wa mwendo wa pistoni kwa sekunde. Kranki ya milimita 100 ukiizungusha 9000 unapata mita 30 kwa sekunde. Kranki yako mwenyewe ya milimita 88 kwa 9000 hiyo hiyo ni 26.4. Sasa linganisha na Honda S2000 ya mwaka 1999, ile kiwanda chenyewe kiliiruhusu 9000, stroku yake ni 84, ukipiga hesabu ni 25.2, na ile injini ilizaliwa kwa kazi hiyo. Alafu angalia injini za Formula 1, zile V8 za lita 2.4 zilizowekewa kikomo cha 18,000 mwaka 2009. Stroku yao ilikuwa kama milimita 40 tu, na pistoni zao zilikwenda kama mita 24 kwa sekunde. Yaani watu wanazungusha mara mbili ya unachotaka we, lakini pistoni inakwenda taratibu kuliko ya kwako, kwa sababu wamefupisha stroku.

Na tatizo siyo mwendo peke yake, ni mvuto. Pistoni ikifika juu mwisho wa kutoa moshi hakuna mlipuko wa kuikandamiza, konrodi, ule mkono unaoiunganisha na kranki, ndo inaivuta irudi chini na kranki ndo inabeba. Tuseme pistoni na pini yake ni nusu kilo. Kwa stroku ya 88 na konrodi ya milimita 150, ukiwa 7000 huo mvuto ni kama umening'iniza tani moja na nusu pale kwenye jino la kranki, konrodi inaposhikia, ukifika 9000 ni zaidi ya tani mbili na nusu, na ukiwa na ile ya 100 unagonga tani tatu, kila mizunguko miwili, mara 75 kwa sekunde. Mizunguko ukiiongeza kidogo mzigo unapanda kwa mraba wake, hapa ndo vijana wengi wanapotea.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: baki na kranki yako. Kranki ya Evo ni chuma cha kufuliwa toka kiwandani, siyo cha kumimina, na kwa 8000 ukiwa na stroku ya 88 uko mita 23.5, hapo panakaa vizuri. Ile ya 100 siyo mbaya, ningekupa mtu anayetaka nguvu ya chini kwenye kona za vumbi na anayekubali kuishia 7000, lakini we umesema 9000. Na kama unaingia Kundi N, lile la magari ya mbio yaliyo karibu na ya kiwandani, lenye kizuizi cha hewa kwenye tabo (turbo), hiyo 9000 haina kazi kabisa, hewa inakuwa imeshaisha huko chini.

Kuhusu kranki nyepesi, ukweli ni kwamba haiongezi nguvu, inafanya injini ipande na kushuka haraka. Ile minofu ya chuma upande wa pili wa jino imewekwa isawazishe mzigo ili beringi za meni, zile zinazoishikilia kranki kwenye bloku, zisipigwe, fundi akiichonga iwe kama kisu bila hesabu umehamishia kipigo kwenye meni. Zile mpya za kuchongwa kutoka kipande kizima cha chuma kigumu cha aina ya 4340 au EN40B ni nzuri sana, ila ni za mtu aliyeshamaliza hayo mengine.

Hela yako ipeleke kwenye kukagua, kubalansi na beringi mpya. Hapa nasema kwa uchungu kwa sababu iliwahi kunikuta. Nilinunua kranki ya mtumba, nikaipeleka sehemu ikachongwa milimita 0.25, ikarudi inang'aa kama kioo, nikaifunga. Ilikatika jino la pili, na nilipoishika mkononi pale ilipokatika niliona mistari midogo midogo imepangana, kama ile maji yanayoacha mchangani Coco Beach yakikupwa, maana yake ufa ulikuwa unatembea polepole siku nyingi. Ulianzia kwenye kona. Pale jino linapokutana na ukuta wa kranki pana mviringo mdogo, na aliyechonga aliukata ukawa kona kali. Pitisha ukucha pale, kama unanasa, usifunge.

Ukiwa kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani, Dar, au popote unaponunua, ining'inize kwa kamba upande mmoja iwe safi haina oili, igonge na nyundo ndogo. Nzima ya kufuliwa inalia kama kengele, yenye ufa inatoa sauti iliyokufa. Hicho ni kipimo cha kwanza tu, baada ya hapo tafuta wanaopima ufa kwa sumaku na unga wa chuma, na wakimaliza waitoe sumaku maana itakusanya vumbi la chuma kwenye oili. Alafu maikromita: meni ya 4G63 ni milimita 57, ya konrodi ni 45, pima sehemu kadhaa kuzunguka. Nafasi ya oili kati ya beringi na kranki anzia sehemu moja ya elfu ya kipenyo, yaani kama milimita 0.057 kwa meni na 0.045 kwa konrodi. Kubalansi peleka pamoja na flaiwili na kava ya klachi, siyo kranki peke yake.

SWALI: Fundi wangu anataka kutoa puli ya mbele yenye mpira aweke ya aluminiamu tupu, eti injini iwe nyepesi. Ni sawa? – Msomaji, Mbagala

JIBU: Hapana ndugu yangu, mwambie aache. Kranki ikipigwa na kila silinda inajipinda na kujinyoosha kama kamba, na ule mpira ndo unaotuliza huo mtikisiko. Ukiutoa unaweza usisikie chochote kwenye usukani, ila kranki inasikia. Angalia tu mpira wenyewe, kama umepasuka au pete ya nje imesogea, tafuta puli nyingine nzima.