Seva ndogo ya Linux ndani ya RV: anza na umeme, intaneti itafuata

Watu wakijua tunaishi kwenye RV, yaani gari kubwa lililojengwa kama nyumba, maswali yao huwa mawili: choo mnafanyaje, na intaneti mnaipata wapi. La choo leo naliacha. La intaneti nimelijibu WhatsApp kipande kipande hadi vidole vimechoka, kwa hiyo naliweka lote hapa, anayeuliza nimtumie linki tu.

Kwa asiyetujua: mke wangu ni muuguzi wa mikataba hapa Marekani. Mikataba hiyo mara nyingi ni ya wiki 13, ukiisha tunafungasha na kuhamia jimbo lingine. Mimi kazi yangu ni ya kompyuta, naifanyia popote. Watoto wao wanataka katuni, na wanazitaka sasa hivi.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: mtandao wa ndani ya gari usiutegemeze kwenye intaneti ya nje. Wengi hununua rauta ya laini, wanaunganisha simu na runinga, wanaona kazi imeisha. Wakifika pasipo na mnara, na Marekani mahali pa namna hiyo ni pengi kuliko anavyodhani mtu aliyekulia na sinema zao (nenda Nevada ya katikati ujionee), gari zima linakuwa bubu. Sinema hakuna, picha za familia hazifunguki, hata printa inagoma. Kwetu kuna seva, yaani kompyuta ndogo inayowaka muda wote na kutunza mafaili ya familia, kwa hiyo intaneti ikikatika, kilichokatika ni intaneti peke yake. Jina la waifai ni lile lile, paswedi ile ile, sinema zipo, mafaili ya kazi yapo. Nje tunaweza kuwa tumeshika waifai ya kambi ya kuegesha RV, laini ya simu, Starlink (intaneti ya setilaiti), au hatuna chochote, na runinga wala haijui.

Ila kabla ya hayo yote, umeme.

RV ina umeme wa aina mbili. Upo wa volti 120, unaoupata ukichomeka kwenye nguzo ya kambi, na upo wa volti 12 wa betri za ndani, unaowasha taa, feni na pampu ya maji. Seva na rauta viweke kwenye 12, hata kama unalala kambini kila siku. Ukiacha inveta imewashwa kutwa ili ilishe chaja mbili ndogo, inveta yenyewe inakula umeme wake bila faida: unapandisha volti 12 kuwa 120, kisha chaja inazishusha tena kuwa 5. Unapoteza kwenda na kurudi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya ukubwa wa kadi, nitaiita Pi) yenye SSD ndogo, yaani diski isiyozunguka, ikiwa haijashughulishwa sana, inatumia kama wati 5. Weka rauta wati 7. Jumla 12, mara saa 24, unapata wati-saa 288 kwa siku. Betri moja ya lithiamu, zile za LiFePO4, ya ampea-saa (Ah) 100 inabeba wati-saa 1,280 hivi. Maana yake vifaa hivi viwili peke yake vinaweza kukaa siku nne bila jua wala nguzo. Kama betri yako ni ya asidi, ihesabu nusu, usiikamue zaidi ya hapo. Sasa linganisha na dishi: Starlink Mini, ambayo ndiyo ndogo yao, inakula wati 25 hadi 40. Ikiwaka kutwa na usiku ni zaidi ya mara mbili ya seva na rauta pamoja. Kwa hiyo anayekwambia seva inamaliza betri, mwulize kwanza habari za dishi. Letu lina swichi yake ukutani na linazimwa watoto wakilala. Mambo haya yanaonekana vizuri mkienda kukaa jangwani bila nguzo, mfano kule Quartzsite, Arizona, au kwenye zile ardhi za serikali chini ya BLM, idara ya ardhi za umma, ambako kwa kawaida unaruhusiwa kukaa hadi siku 14 mahali pamoja.

Halafu hiyo "volti 12" ni jina tu. Betri ikiwa inachajiwa inapanda hadi 14 na ushee, ikichoka inashuka chini ya 12. Kifaa ambacho lebo yake inataka 12 kamili usikiunge moja kwa moja. Rauta zilizotengenezewa magari hazisumbui: Teltonika RUTX11, kwa mfano, inapokea kuanzia volti 9 hadi 50. Rauta ya nyumbani iwekee konveta inayotoa 12 thabiti. Pi nayo inataka konveta ya kushusha volti hadi 5, yenye ampea 3 za kweli, si za kuandikwa kwenye boksi. Na kila waya unaotoka kwenye betri uwe na fyuzi yake, karibu na betri. Hili halina mjadala, RV ni mbao nyembamba, sponji na mtungi wa gesi.

Konveta ya Pi ikae jirani na Pi, si jirani na betri. Volti 5 zikipita kwenye waya mwembamba wa mita tatu zinafika zimechoka, na Pi huanza kulalamika zikishuka chini ya 4.63. Kujua kama umeme unaifikia sawasawa, andika:

vcgencmd get_throttled

Jibu likiwa throttled=0x0, lala usingizi. Likiwa 0x50005, umeme hautoshi wakati huu huu na mashine imejipunguza kasi. Likiwa 0x50000, kwa sasa ni salama, ila tangu iwashwe iliwahi kupungukiwa. Hili la tatu ndilo la kwenye RV hasa. Mtu anafungua bomba, pampu ya maji inavuta, volti zinadondoka kidogo na kurudi. Hakuna aliyeona kitu, taa haikufifia, lakini Pi imeyumba, na siku ikijizima yenyewe unabaki kuilaumu Linux ya watu.

Si lazima iwe Pi, lakini. Kuna vikompyuta vya ofisini vya mtumba, kama Dell Wyse 3040, havina feni, vinakula wati chache na bei yake ni ya kutupa. Soma lebo tu kabla ya kuagiza, maana vipo vya volti 5 na vya volti 12.

Mfumo mimi naweka Debian, aina ya Linux, isiyo na madirisha wala mapambo, nadhibiti yote kwa SSH, yaani kwa kuandika amri kutoka kompyuta nyingine. Anayeogopa umeme kukatika ghafla, na kwenye RV utakatika ghafla, aiangalie Alpine, Linux nyingine ndogo: unaweza kuiendesha yote ikiwa kwenye RAM, na haiandiki kitu kwenye kadi ya memori mpaka uiamuru kwa lbu commit. Ukibaki na Debian, weka noatime (isiandike muda kila faili linaposomwa) kwenye faili la fstab, logi zikae kwenye RAM, na mafaili yako yakae kwenye SSD. Kadi ya memori haipendi kuandikwa kila dakika halafu inyimwe umeme katikati ya sentensi. Docker, inayofunga kila programu na vitu vyake vyote kwenye boksi lake, sina ugomvi nayo, ila ndani ya gari siitaki. Kuapdeti programu tatu unaweza kushusha gigabaiti kadhaa kupitia bando la simu, kwa kitu ambacho apt, kisakinishi cha Debian, ingekimaliza kwa megabaiti chache.

Jambo ambalo sijaona wengi wakilitaja ni saa. Pi 4 haina saa yenye betri yake. Ikizimwa inasahau majira, ikiwaka inaanzia pale ilipoishia na kusubiri intaneti iirekebishe. Mjini huoni tofauti. Porini, bila intaneti, seva inaamini bado ni Jumanne wakati wewe uko Ijumaa. Picha zinapangwa kwa tarehe za uongo na kazi za cron, zile za ratiba, zinakimbia usiku wa manane wa kufikirika. WireGuard, programu ya njia ya siri (VPN), ndiyo inachekesha zaidi: kila salamu yake hubeba muda, na upande wa pili unakataa salamu yenye muda wa nyuma kuliko ule uliokwisha kuupokea. Kwa hiyo intaneti imerudi, kila kitu kinaonekana kizima, ila njia ya siri haifunguki mpaka saa isawazishwe. Dawa ni kidude cha DS3231, saa yenye betri yake, cha dola chache, unakichomeka kwenye pini za Pi na kuongeza mstari mmoja kwenye config.txt, faili la mipangilio ya Pi:

dtoverlay=i2c-rtc,ds3231

Pi 5 imekuja na saa ndani, ila betri ya saa unainunua kando.

Sasa waifai. Pi inaweza kurusha waifai yenyewe kwa hostapd, na makala nyingi zitakushauri hivyo. Mimi nakataa. Redio yake ni dhaifu, na mkitazama sinema wawili inaanza kukohoa. Iache Pi iwe seva, na waifai iachie rauta yenye OpenWrt, mfumo huria wa rauta. Rauta hiyo ina redio mbili: moja inahudumia simu zenu, nyingine inadaka waifai ya kambi kana kwamba yenyewe ni simu. Kifurushi cha travelmate kinasaidia na ule ukurasa wa kambi unaotaka namba ya kiwanja na jina la ukoo, na mwan3 inaamua njia gani itumike: waifai ya kambi ikifa inahamia laini, laini ikifa inahamia dishi.

Badilisha namba za mtandao wako mapema. OpenWrt huja na 192.168.1.1. Rauta ya Starlink nayo ni 192.168.1.1, na kambi nyingi ziko humo humo. Ukiviunganisha hivyo, rauta haijui upande upi ni nyumbani na upi ni nje, na hakuna kitakachopita. Chagua kitu kisicho cha kawaida, kama 10.47.9.1, na hutagusa tena. Majina ya ndani yajibiwe na rauta yenyewe. Kwetu unaandika sinema.lan au picha.lan. Ukiiwekea simu DNS (mtafsiri wa majina ya mtandao) ya nje kama 8.8.8.8, majina hayo hayatafunguka, na siku mnara ukipotea utadhani seva imekufa kumbe iko pale inakutazama.

Simu nazo zina tabia yake. Ikiona waifai haina intaneti, inaihama kimyakimya na kutumia laini yake, basi seva iliyo mita mbili kutoka ulipokaa huioni. Kwenye Android zima ile sehemu ya kuhamia data yenyewe, na ikikuuliza kama ubaki kwenye waifai isiyo na intaneti, kubali. Shemeji akija kututembelea, hili ndilo somo lake la kwanza kabla hata ya chai.

Antena iweke nje ikiwa gari lako lina bodi ya bati. Wenye Airstream, RV za alumini, wanajua: alumini ile inazuia mawimbi vizuri kuliko inavyozuia baridi.

Ndani ya seva hamna mengi. Kuna programu ya Jellyfin kwa sinema na taarabu, kwa sharti kwamba mafaili yawe ya aina ambayo runinga inayasoma kama yalivyo. Ukiilazimisha mashine ya wati 5 kubadilisha video papo hapo itakuaibisha mbele ya watoto. Kiwix inabeba Wikipedia nzima bila intaneti: ya Kiingereza yenye picha inapita gigabaiti 90, ya Kiswahili ni nyepesi mno kwa hiyo ibebe tu, watoto wajue Kinjekitile alikuwa nani bila kusubiri mnara. Syncthing inavuta picha kutoka kwenye simu mara tu mnapoingia garini, na hii ndiyo imeokoa bando letu, kwa sababu tulizima kabisa simu kupandisha picha zenyewe. Seva ndiyo inazipandisha kwa restic, programu ya nakala rudufu, usiku, ikiwa tu tuko kwenye waifai ya kambi.

Kuifikia seva ukiwa nje, usihangaike na kufungua milango ya rauta. Starlink ya kawaida na kampuni nyingi za simu zinakuweka nyuma ya anwani moja mnayogawana na wateja wengine, kwa hiyo kutoka nje huingiliki. Kodi seva ndogo mtandaoni, gari ndilo liipigie kwa WireGuard, uweke PersistentKeepalive = 25 ili njia isizibe. Mke wangu akiwa zamu anafungua simu na kuona betri imebaki asilimia ngapi. Namba hizo zinatoka kwenye SmartShunt ya Victron, kipimo cha betri, kwa kebo ya USB, maandishi matupu yanayosomeka kwa kasi ya 19200. Soma mstari wa SOC, yaani chaji iliyobaki (876 maana yake asilimia 87.6), usiamue kwa volti. Lithiamu inasimama kwenye 13 na kitu karibu muda wote, halafu mwishoni inaanguka na mlinzi wa betri anakata bila kuaga. Skripti yetu inaizima seva kwa adabu SOC ikifika 150.

Kabati utakamoiweka seva liwe na tundu juu na chini. Kiangazi cha Arizona kinaifikisha Pi nyuzi 80 za Selsiasi kwa urahisi, na hapo inaanza kupunguza kasi. Plagi za USB zifunge kwa zipu za plastiki, barabara itazichomoa. Na diski moja yenye nakala ya kila kitu iache nje ya gari. Yetu iko kwa shemeji Houston, kwenye droo ya chini, na tukipita kumsalimu tunaibadilisha na mpya.